Kanumba na sura zake nyingi

 Tunaandika kutoka Kafutuma, huku Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru ambalo sisi wa ng'ambo tunaliita Moero. Kwenye makala zetu za historia tumeshaongea sana juu ya vita, mipaka na njia tulizopita. Leo tunaongea juu ya mwigizaji, marehemu Steven Kanumba wa Tanzania.

Kuna watakaouliza: sasa Kanumba naye ni historia? Ndiyo. Ukifuata namna sura yake ilivyoonekana kwenye skrini, unakuta habari ndefu ya namna watu wa sehemu zetu walivyoonyeshwa kwenye picha, tangu wakati wa wakoloni mpaka hizi kamera zinazokuja leo kutupiga sisi wenyewe. Twende polepole.

*Kabla ya Kanumba: mwigizaji wa kufundishia*

Sinema za kutengenezwa kwa ajili ya Waafrika wa sehemu hizi zilianza zamani kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Mwaka 1935, Waingereza walianzisha jaribio la sinema pale Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mmoja wa wakubwa wake, G. C. Latham, alikuwa amewahi kusimamia elimu ya Waafrika hapa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Mpaka jaribio linafungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi kama 35, nazo zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na huku Rhodesia ya Kaskazini. Habari zake ni zipi? Malaria ya watoto, minyoo, mmomonyoko wa udongo, kodi, kuweka akiba posta.

Mafunzo hayo hayakuwa mabaya yote. Malaria tunaijua. Lakini angalia kazi ya mwigizaji ndani yake: alitakiwa aonyeshe jambo. Huyu kachimba choo, huyu hakuchimba. Huyu kaweka pesa posta, huyu kaibiwa. Moyo wake, mashaka yake, hasira anayoimeza, hayo hayakuwa na nafasi. Baadaye wataalamu wa sinema za serikali ya Uingereza walishika hata kanuni kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo filamu iende taratibu, kitu kimoja kwa wakati mmoja, bila mbinu za kamera. Yaani walipima akili ya mtazamaji kabla hajakaa kwenye mkeka.

Upande wetu wa Kongo mambo yalifanana. Miaka ya 1950, mapadri wa Kibelgiji walitengeneza huko Kasai filamu za vichekesho za Matamata na Pilipili, watu wawili wa vituko ambao wengine wamewafananisha na Laurel na Hardy. Watu walicheka kweli, na kipaji cha waigizaji kinaonekana mpaka leo. Ila walicheza ndani ya chumba kidogo: Mwafrika wa kuchekwa, anayekosea na kurekebishwa.

Watazamaji nao hawakuwa wajinga kama walivyodhaniwa. Wakati huohuo, kule migodini Copperbelt, mahali ambapo samaki wa ziwa letu walikuwa wakipelekwa kuuzwa, wafanyakazi na watoto wao walikuwa wanajaza viwanja vya sinema kuangalia filamu za makauboi wa Marekani. Mtafiti Hortense Powdermaker, aliyekaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, aliandika kwamba watazamaji walimwita shujaa wa kila filamu "Jack", haidhuru jina lake. Walipiga kelele, walimshauri Jack, walimwonya adui akija nyuma. Picha zile zilikwenda mbio, na watu walifuata vizuri tu.

Tanganyika nako kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya ustawi wa jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu kadhaa za Kiswahili, na inayokumbukwa zaidi ni *Muhogo Mchungu*. Kijana huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962! Kwenye skrini alikuwa mtu wa kufundishia wenzake, na miaka kumi baadaye anaongoza serikali. Ndani ya mtu mmoja mlikuwa na mengi ambayo kamera ile haikuuliza.

Shikeni hilo, tutalirudia.

*Kijana wa Shinyanga*

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijiunga na kundi la Kaole, Dar es Salaam, ambalo michezo yake ilirushwa na televisheni ya ITV. Mchezo wa televisheni wa kila wiki ni shule ngumu. Mtazamaji anakuzoea, anakujua ukikasirika unafanyaje, ukidanganya unafanyaje. Ukirudia mambo yaleyale anakuchoka. Kutoka Kaole walitoka waigizaji wengi waliojulikana, na kati yao ni Vincent Kigosi, yule tunayemwita Ray, aliyekuwa mwenzake na mshindani wake kwa miaka mingi.

Halafu ukaja wakati wa CD. Filamu za Tanzania, Bongo Movie, zilikuwa zinatengenezwa kwa pesa kidogo na kwa muda mfupi, kwenye nyumba za watu, na mara nyingi zinakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue mara mbili. (Nani kati yetu hajawahi kubaki na sehemu ya kwanza tu, akahangaika mtaa mzima kutafuta ya pili?) Jina liliandikwa Kiingereza, maongezi yakawa Kiswahili. Kutoka Dar es Salaam zilifuata njia za biashara za siku zote: Kigoma, kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kushuka Moba na Pweto. Nyingine zilipita Tunduma na kuingia Zambia. Nyingi zilikuwa nakala za wizi, tuseme ukweli. Kanumba na wenzake hawakupata hata ngwee moja kwa nakala tulizoziona sisi.

Filamu ambazo watu wanazikumbuka ni nyingi. *Dar 2 Lagos* ya mwaka 2006 ilimpeleka kuigiza na Wanigeria. *Oprah* ya mwaka 2008, akiwa na Ray na Irene Uwoya, ni habari ya mapenzi na usaliti. Kwenye *Uncle JJ* ni mjomba wa vituko katikati ya watoto. *Devil Kingdom* ya mwaka 2011 aliigiza na Ramsey Nouah, nyota wa Nigeria aliyekuwa anajulikana Afrika nzima. Na *Ndoa Yangu* ilifika madukani yeye akiwa ameshazikwa.

*Uso uliofanya kazi ya sauti*

Sasa tuseme tulichokiona, maana sifa bila maelezo ni kelele.

Kwanza, sauti ya filamu zile ilikuwa mbaya. Kinasa sauti kilichukua upepo, pikipiki, majirani. Ongeza spika ya kibanda cha video iliyopasuka, ongeza jenereta inayonguruma nje. Ongeza na lugha: Kiswahili cha Dar es Salaam sicho chetu. Wao wanaenda shule, sisi tunaenda masomo. Wakisema "mshikaji" na "demu", mama zetu walikuwa wanaulizana. Na kati yetu walikuwepo watu wa Kibemba na Kitabwa ambao Kiswahili walikuwa wanakiokota tu. Kwa hiyo nusu ya maneno yalipotea njiani, na kilichobaki ni uso.

Hapo Kanumba alikuwa peke yake. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa akisema, "Ule muntu anasemaka na macho." Waigizaji wengi wa wakati ule, wakiambiwa habari mbaya, walipiga kelele palepale. Yeye alinyamaza kwanza. Unaona macho yanatulia, mdomo unafunguka kidogo halafu unafungwa, koo linameza. Sekunde tatu, nne. Kibanda kizima kinanyamaza naye. Halafu ndipo anaongea, tena kwa sauti ya chini. Ukiwa hujasikia neno lolote, umeshaelewa kwamba mtu huyu ameumizwa na hataki mwenzake ajue.

Pili, mwili wake ulibadilika kufuatana na kazi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kifua, anayependa kuvaa vizuri. Akicheza tajiri, alikaa kwenye kiti kana kwamba kiti ni shamba lake: mikono imetanuka, hana haraka. Akiwa mjomba wa watoto, urefu uleule unakuwa kichekesho, mtu mzima mkubwa anayeshindwa na vitoto viwili. Akicheza mume aliyesalitiwa, mabega yanashuka, na unaona kama nguo zimekuwa kubwa kwake. Ni mtu yuleyule. Hakubadilishiwa uso kwa dawa wala kwa kompyuta. Alibadilisha namna ya kusimama.

Tatu, hakuogopa kulia. Hili si dogo kwetu. Sehemu zetu mwanaume akilia anaambiwa, "Wewe ni mwanamke?" Kanumba, kijana mwenye nguvu, mwenye jina, aliyejiita The Great, alilia mbele ya kamera, machozi kweli, pua inavuja, hajifuti haraka. Wapo waliomcheka. Lakini kati yetu wapo vijana waliomwona mwanaume akilia bila kudharauliwa kwa mara ya kwanza kwenye filamu hizo, na wamesema hivyo tukiwa tumekaa pamoja.

Tusimpambe kupita kiasi. Filamu nyingine zilikuwa ndefu bila sababu. Wanaojua sinema walilalamika kwamba Bongo Movie iliiga Nigeria mno, kwamba hadithi zilijirudia, kwamba nyumba ni zilezile na magari ni yaleyale. Wana haki. Lakini ndani ya hadithi iliyochoka, mara nyingi yeye peke yake hakuwa amechoka. Ndiyo maana huko kwetu baadhi ya watu walifika mahali pa kuita filamu yoyote ya Tanzania "Kanumba", hata kama hayumo. "Leo wanaonyesha Kanumba gani?" Ni kama kina baba wa Luanshya na Jack wao. Ila kuna tofauti moja kubwa: Jack alikuwa Mzungu juu ya farasi. Kanumba alikuwa mtoto wa Shinyanga, anaongea lugha unayoweza kujibishana nayo.

*Aprili 2012*

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Mambo ya kifo chake yalifika mahakamani na yakaamuliwa huko; sisi hatuyafungui hapa. Tarehe 10 Aprili maelfu ya watu walikusanyika kumuaga katika viwanja vya Leaders Club, wengine wakazimia kwa msongamano, na akazikwa makaburi ya Kinondoni. Viongozi wa nchi walikwenda kuwapa pole ndugu zake.

Habari ilivuka maziwa haraka kuliko CD. Kwetu watu walilia kama wamefiwa na jirani. Mtu aliyekufa Dar es Salaam, hajawahi kukanyaga kijiji chenu, na mama anafunga duka. Watu wa nje walishangaa. Sisi hatukushangaa. Yule mtu alikuwa amekaa sebuleni kwetu miaka sita, saba. Tulikuwa tumemwona akiwa tajiri, mjinga, mwizi, mume, mjomba, mgonjwa. Ndugu zako wenyewe hujawaona katika hali zote hizo.

*Kwa nini tunaandika haya tukiwa hapa*

Wengi wetu tulivuka kuanzia Agosti 2017, kutoka Pweto, Moba, Manono, Mitwaba. Tulipokelewa Kenani, halafu Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Wazazi wa baadhi yetu hiyo ilikuwa mara yao ya pili: walishakaa Kala, huko Kawambwa, au Mwange, huko Mporokoso, vita vya kabla, wakarudi nyumbani, kisha wakakimbia tena.

Tangu siku ya kwanza tumepigwa picha. Tunaelewa sababu. Bila picha, walio mbali hawatoi msaada, na msaada tumeula, tumeuvaa, tumeulalia. Hatukatai kamera. Lakini kamera hizo zinapenda sura moja: mama ameshika mtoto, macho yanaangalia mbali, hakuna anayecheka. Mwenzetu mmoja alikuwa anatabasamu kwenye foleni, kwa sababu alikuwa amekutana na rafiki aliyedhani amekufa. Mpiga picha akamwomba asitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini siku hiyo, jambo kubwa kuliko yote lililotokea kwenye foleni ile lilikuwa tabasamu hilo, na picha haikulichukua.

Hapo ndipo tunapomrudia Kawawa na *Muhogo Mchungu*. Kamera ya mwaka 1952 ilitaka kutoka kwake mtu wa kufundishia. Kamera ya leo inataka kutoka kwetu mtu wa kuhurumia. Zote mbili zinaweza kuwa na nia njema. Na zote mbili zinachukua sura moja na kuacha nyingine zote nje.

Kanumba alionyesha kinyume chake, tena kwa vifaa duni: kwamba uso mmoja wa Mwafrika wa kawaida, bila farasi, bila bunduki, unaweza kubeba watu kumi, na mtazamaji aliyekaa chini kwenye kibanda atawatambua wote. Hakuhitaji kutoka kwetu tuwe wataalamu. Aliamini tutaelewa kimya chake, na tulielewa. Kati ya wale waliosema Mwafrika afundishwe polepole na yeye aliyenyamaza sekunde nne akituachia tufikiri, nani alituheshimu?

Na hili linatuhusu hata bila kamera. Ukikaa ukimbizini muda mrefu, unaanza kujifunza kucheza ile sura moja. Unajua mgeni akifika ukae vipi, useme nini kwanza, uache nini. Wapo kati yetu waliokuwa wafundi, wachekeshaji, viongozi wa kwaya, wagomvi wakubwa wa mpira, na sasa mtu akiwauliza "wewe ni nani?" wanajibu "mimi ni mkimbizi" halafu wananyamaza. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni sura moja tu. Mtu akiicheza miaka mingi anaweza kusahau kwamba anazo nyingine.

Kwa hiyo ombi letu kwa kaka na dada wa mashirika ni dogo. Mkija na kamera, chukueni ile picha mnayoihitaji, halafu kaeni dakika kumi zaidi na kuuliza, "Ukiwa hauna shida, unakuwaje?" Mpigeni picha mtu akibishana bei ya samaki Kashikishi, akicheza, akimkasirikia refa. Picha hizo nazo ni za wakimbizi.

Na kwenu vijana wenzetu: waulizeni wazazi walipokuwa wadogo waliangalia nini, wapi, na walimpenda nani kwenye skrini. Wapo waliowahi kuona gari la sinema la serikali likifika kijijini, shuka jeupe likifungwa kati ya miti. Wapo waliotoroka masomo kwenda kwa video. Hayo hayajaandikwa popote na wazee wanapungua. Wasikilizeni, andikeni, tuleteeni. Na kama mna ile sehemu ya pili ya *Oprah*, tuambieni pia. Wengine wetu bado tunaitafuta.